Mchuzi wa biringani wa nazi: mliyoniuliza

Tangu nieleze mchuzi wa biringani wa nazi aliokuwa akiupika bibi yangu Tanga wakati wa kaskazi, maswali hayajakatika. Leo najibu manne.

Mabiringani yangu hunywa mafuta yote kabla hayajaiva. Nizidishe?

Usizidishe hata kijiko. Ndani ya biringani mna hewa tele kama sifongo. Hewa ikitoka, mafuta huchukua nafasi yake. Bibi alikata vipande vya unene wa kidole gumba, akavinyunyizia chumvi na kuviacha kwenye ungo huku yeye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Akimaliza, vipande vimelegea na juu vimetoka matone kama jasho. Vikamue taratibu kwa kiganja, vifute, ndipo uvitie kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto. Mimi huvipa nusu saa. Wenye haraka hawaniamini mpaka wajaribu.

Kumbe chumvi si ya kutoa uchungu?

Mabiringani mengi ya siku hizi hayana uchungu. Huwa machungu yakikomaa kupita kiasi: ukilipasua ukakuta mbegu za kahawia, zikwangue. Nyanya chungu ni jambo jingine. Uchungu wake ndio tunaoutafuta.

Tui langu hukatika kila mara. Kwa nini?

Linachemka mno, au ukwaju umetangulia. Kaanga vitunguu, thomu, nyanya na bizari, kisha mimina lile tui jepesi la mkamuo wa pili, liache lichemke litakavyo. Tia mabiringani, punguza moto, ndipo ulete tui zito. Hapo usifunike wala usiondoke: koroga polepole ukingoni, usivunje vipande, mpaka mchuzi uanze kufukuta. Epua. Ukwaju utie mwisho.

Niko Leicester. Ni Agosti, mabiringani ni makubwa na ya bei nafuu, ila nazi ya kukuna sina.

Tui la kopo linafaa kabisa. Usilitikise; liweke kwenye friji usiku kucha, chota lile zito lililoganda juu uliweke kando, na la chini uliongeze maji kikombe kimoja: hilo ndilo tui lako jepesi. Katika mabiringani, chagua yenye ngozi inayong'aa na uzito mkononi, hata kama ni madogo kuliko jirani zake. Bakiza kidogo kwa chapati ya asubuhi, mchuzi ukilala unakolea.