Uliza Yaya: Sura za zamani kwenye ukuta wa saloni

Swali (Mama wa Nguba, Bukavu): Yaya jambo sana. Niko na saloni ndogo hapa nyumbani, tumetoka kuipaka rangi nyeupe, ukuta mmoja umebaki wazi. Tangu zamani napenda zile sura za watu walizochora kule Ulaya miaka ya 1400 na 1500, wakati wa Renesansi, na nataka moja kwangu. Nilipita fasi moja wanaimprime wakanionyesha Mona Lisa kwenye bashe, ile plastiki kubwa ya matangazo, mita moja na nusu kwenda juu, baba watoto akasema tuchukue hiyo juu wageni wataiona toka mlangoni, lakini nikasogea karibu nikaona uso wote ni vinukta-vinukta na ngozi imekuwa kama chungwa. Mtoto wangu anasema picha yoyote anaitoa bure kwenye intaneti. Sasa nichague gani, na nitajuaje kama ni nzuri?

Jibu: Mama, bashe acha. Bashe ni ya konseri na kampeni, mtu aisome akiwa ng'ambo ya barabara, na hizi sura ni kinyume kabisa, zilichorwa mtu asimame karibu aangalie jicho, ukope, uzi wa nguo. Mona Lisa yenyewe, ile Leonardo da Vinci alianza kuichora karibu na mwaka 1503, ina sentimita 77 kwa 53 tu. Ndiyo maana nasema kabla ya kuuliza bei uliza kipimo cha picha yenyewe kule iliko, watu wengi hawaulizi kabisa, halafu wanashangaa mbona kitu kizuri kimekuwa kibaya. Ukiipanua mpaka mita na nusu, hata faili ikiwa safi, kichwa kinapita kichwa cha mtu wa kweli, na nyumba ndogo inabaki na mtu mmoja mkubwa anawaangalia mkila. Baba watoto mwambie hivi kwa upole, ataelewa akiona ndogo iliyotoka vizuri.

Ile ngozi ya chungwa nayo iko na sababu. Vernishi, ile rangi isiyo na rangi ya kulinda mchoro, iliyo juu ya Mona Lisa imekuwa ya manjano na miaka, halafu kwenye intaneti kila mtu ameisafisha au kuikoleza kwa namna yake, unapata Mona Lisa ya kijani, ya kahawia, ya dhahabu, na mwenye mashine naye anaongeza rangi juu wateja wanapenda vitu vinavyong'aa. Kwa hiyo faili ichukuliwe kwa makumbusho yenye picha, si kwa mtu aliyeichukua kwa mwingine.

Sasa gani. Mona Lisa iko kila saluni ya nywele na kila biskuti, simkatazi mtu, lakini kama ni ukuta mmoja na picha moja, mimi ningekuwekea yule mwanaume mweusi aliyechorwa na Jan Mostaert, Mholanzi wa Haarlem, kati ya mwaka 1525 na 1530 hivi. Wengi hawajui kama iko. Jina la huyo mtu halijulikani, lakini muangalie: ndevu zake, kofia nyekundu, glavu mkononi, upanga ubavuni, amesimama kama mtu anayejua thamani yake, hakuna anayemtumikia na yeye hatumikii mtu kwenye ile picha. Kwenye kofia kuna beji ndogo, ni beji ya mahujaji wa Bikira Maria wa Halle, mji ulio karibu na Brussels, na sanamu ya Bikira wa Halle ni nyeusi. Mtu wa rangi yetu, miaka karibu 500 iliyopita, ameenda kuhiji Ubelgiji na amerudi na beji yake kichwani! Kila nikiiangalia nafurahi. Watoto wako wakulie chini ya sura hiyo, Mama, wageni wakiuliza ni nani mtakuwa na ya kuwaambia.

Na kipimo chake ndicho kimenifanya nikuandikie kwa urefu: sentimita 30.8 kwa 21.2. Chukua karatasi ya A4 uishike mkononi, ni 29.7 kwa 21, karibu sawa. Kwa hiyo usikubali waiprinti kwenye A4 yenyewe, watakata juu au chini, au wataivuta ienee na uso utanenepa. Omba A3, karatasi kubwa mara mbili ya A4, waiweke katikati kwa kipimo chake cha kweli, weupe ubaki pande zote, ule weupe unaipa picha nafasi ya kupumua ndani ya kadre. Utakuwa nayo vile ilivyo kule makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, ukubwa uleule.

Rijksmuseum wanatoa faili kubwa bure kwenye tovuti yao, na mchoro wa miaka yote hiyo hauna tena haki za mchoraji. Mtoto aangalie pikseli, vile vinukta vinavyounda picha: kwa ukubwa wa A4 inatakiwa kama 2480 kwa 3508 ndiyo itoke safi, kwa A3 nzima 3508 kwa 4961. Na asiitume kwa WhatsApp kama foto, WhatsApp inaikamua, aitume kama dokima au aipeleke kwenye flashi. Makosa mengi yanatokea hapo, mtu ana faili nzuri nyumbani na kwenye sekretaria publiki inafika maji matupu.

Halafu, hii ni ya lazima: usilipe picha nzima kabla ya kuona jaribio. Mwambie mwenye mashine akutolee uso peke yake, kipande kidogo, ulipie hicho, utoke nacho nje au dirishani mchana, usihukumu chini ya balbu. Ngozi nyeusi ndipo mashine mbovu inajulikana. Inaifanya shimo jeusi, pua na shavu vinapotea, hujui ndevu zinaanzia wapi. Kama unaona mwanga kwenye paji la uso na unaona kahawia zaidi ya moja kwenye shavu, endelea. Kama ni doa moja tu, mshukuru uende duka lingine, au mwambie apunguze wino mweusi ajaribu tena. Papie iwe mat, ile ya kung'aa itakuonyesha dirisha lako badala ya picha. Na watakushawishi kuhusu turubai, kile kitambaa cha wachoraji, eti inafanana na ya kweli, kumbe hii ya Mostaert iko juu ya ubao laini, Mona Lisa pia ni ubao, ukiprinti kwenye kitambaa cha kukwaruza unamwongezea mtu ngozi ambayo mchoraji hakumpa.

Mkiwa na babu nyumbani, mjue pia ile ya Ghirlandaio, mzee na mjukuu wake, ya mwaka 1490 hivi, iko makumbusho ya Louvre, Paris, kama sentimita 63 kwa 46. Pua ya mzee imejaa vinundu vya ugonjwa na mchoraji hakuficha hata kimoja, na mtoto anamuangalia kwa upendo mtupu, mkono juu ya kifua cha babu. Kuna watu wanaogopa ile pua. Mimi naona ndiyo picha ya nyumba kabisa.

Kuitundika, usiiweke juu karibu na plafo. Saloni watu wanakaa, basi sura iwe karibu na macho ya mtu aliyeketi, pembeni ya kiti, si juu ya televizyo.

Swali (vijana wa ateliye ya kushona, Kadutu): Yaya, boss wetu anatimiza miaka mingi ya kazi na tumechanga pesa kidogo. Tulikuwa tunawaza kumprintia mfalme au papa wa zamani. Unasemaje?

Jibu: Wadogo zangu, wafalme waacheni, kuna fundi wenu kule! Giovanni Battista Moroni, Mwitaliano wa upande wa Bergamo, alimchora fundi cherehani kati ya 1565 na 1570 hivi, iko makumbusho ya National Gallery, London. Amesimama mezani, makasi mkononi, kitambaa cheusi kimeshachorwa mistari ya choki, ameinua macho kama mteja ndiyo ameingia sasa hivi. Wakati ule waliochorwa wakubwa namna hii walikuwa matajiri na watu wa kanisa, fundi akiwa kazini ni nadra sana. Yenyewe ni karibu mita moja kwenda juu, sentimita 77 upana, kwa hiyo A3 au hata A2 haitaharibu kitu ikiwa faili inatosha. Ila mwenye mashine asikate chini ili uso uwe mkubwa, watapenda kufanya hivyo. Mkikata mikono na makasi mmebakiza mwanaume mwenye ndevu tu. Koti lake ni la rangi ya maziwa, angalieni kwenye jaribio lisigeuke manjano wala waridi.

Swali (msomaji wa Goma): Picha yangu nzuri imeshikana na kioo cha kadre, nikivuta inachanika. Ni kioo kibaya?

Jibu: Kioo hakina kosa, Papa, ni unyevu. Papie foto ikigusa kioo moja kwa moja na mvua zetu hizi, wino unalainika na kushikana. Hiyo iliyoshikana usiivute, chukua faili uprinti nyingine. Safari hii fundi wa kadre akate karatasi nene yenye dirisha katikati iingie kati ya picha na kioo, na nyuma, pembe mbili za chini, abandike vipande vya mpira ili kadre isilale kabisa kwenye ukuta, hewa ipite. Usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua kwa nje, wala fasi jua la asubuhi linaingia, wino wa bei ya chini unapauka haraka, nyekundu ndiyo inatangulia mara nyingi. Ukipata duka lenye wino wa pigmenti, ongeza hizo franka, unadumu zaidi.