Ringi zinang'oka kwenye mfuko wa kamba wa mtoto: nishone vipi?

SWALI: Fundi, jambo. Niko Goma, Ndosho. Nawashonea watoto wa Kizito-Anuarite, chama cha watoto Wakatoliki, mifuko ya mgongoni, ile ya kuvuta kamba. Ni ya kitenge, kila mmoja una jina la mtoto. Pembe za chini nilizitoboa nikapiga ringi za chuma, lakini zinang'oka na kuchana kitambaa. Mdomo nao haufungi vizuri. Nakosea wapi?

JIBU: Jambo Mama, aksanti kwa swali. Ringi zenyewe hazina kosa, ila kitenge kitupu hakiziwezi. Ukitoboa tundu umeshakata nyuzi, kisha uzito wote wa mfuko, na mtoto anavyorukaruka, unaning'inia kwenye ukingo wa tundu hilo. Turubai huvumilia, hata jinzi. Kwa kitenge achana na ringi, weka kitanzi cha utepe ndani ya mshono.

Kata utepe wa pamba wa sm 8, ukunje katikati. Ukishalaza vipande viwili vya mfuko uso kwa uso, kitanzi kikae kati yao kikielekea ndani, ncha zake zikitokeza kidogo nje ya ukingo, sm 3 juu ya mshono wa chini. Wengi hukiweka kwenye kona kabisa. Pale mishono miwili inakutana, unene unazidi, sindano inaruka, na panapotakiwa nguvu ndipo panapolegea. Pita juu ya kitanzi, rudi nyuma, pita tena.

Halafu, huko kwenu mtoto akitua mfuko chini anautua juu ya mawe ya volkano, nayo yanakwaruza kama msasa. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha, shonea chini ya kila kipande ukanda wa jinzi wa sm 12. Mguu wa suruali ya mitumba unatosha, na kitanzi kitakuwa kimeshikwa na jinzi. Hapo tumia sindano namba 100, na penye unene zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono.

Mdomo usiofunga, nadhani umepitisha kamba moja tu. Zinatakiwa mbili. Kila upande acha sm 8 za juu bila kushona, pinda kingo za mpasuo huo, kisha kunja mdomo sm 1, ukunje tena sm 3, ushone: hiyo ndiyo njia ya kamba. Kamba ya kwanza inaingia kulia, inapita mbele, inarudi kwa nyuma na kutokea kulia kule kule. Ncha zake mbili unazipitisha kwenye kitanzi cha kulia na kuzifunga pamoja. Ya pili ifanye vivyo hivyo kuanzia kushoto. Zikivutwa huku na huku, mdomo unajibana wenyewe.

Vipimo kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9: vipande viwili vya sm 34 kwa 43. Kamba, sm 150 kila moja: kama 62 zinazunguka mdomo, 75 zinashuka mgongoni, zinazobaki ni za fundo. Kitenge cha upana wa sm 115 kinatoa vipande vitatu kwa upana, na yadi moja ina safu mbili, basi ni mifuko mitatu. Kifue kabla ya kukata, maana pamba hupungua. Na kama kina ndege, usikate kipande kimoja kirefu cha kukunja chini. Upande mmoja ndege watasimama kichwa chini.

Jina litarizi mapema, kitambaa kikiwa bado hakijaunganishwa, na uziache sm 10 za juu, zitakunjamana. Mimi lakini ningeliweka ndani. Jina likiwa nje, yeyote njiani analisoma na kumwita mtoto kana kwamba anamjua. Nje weka picha: mpira, samaki, ngoma. Hata mdogo asiyejua kusoma atautambua mfuko wake.

Kamba ya pamba iliyosukwa haikati mabega. Ya nailoni ni imara lakini inateleza, hivyo funga fundo mara mbili na uchome ncha kwa kiberiti zisifumuke. Mikia ya fundo ibaki mifupi, sm 3 hivi, na mtoto akipanda pikipiki aupakate mfuko mbele, kamba isije ikanaswa na gurudumu.