Je, Cilla Black alihitaji ruhusa ya Dionne Warwick?

SWALI: Nimesikiliza "Anyone Who Had a Heart" ya Dionne Warwick na ile ya Cilla Black, nazo zinafanana sana hata katika mpangilio wa ala. Mwimbaji wa Uingereza aliwezaje kurekodi kibao cha Marekani kilichokuwa bado kinavuma bila kushtakiwa?

JIBU: Ndugu msomaji, ruhusa ya Warwick haikuhitajika. Santuri moja hubeba haki mbili: haki ya wimbo wenyewe, yaani maneno na muziki, ambayo ni ya watunzi na mchapishaji wao, na haki ya rekodi, yaani sauti zilizonaswa studioni, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni ya santuri. Black na mtayarishaji wake, George Martin, hawakunakili hata sekunde moja ya rekodi ya New York. Wimbo uliimbwa upya London kwa okestra nyingine, na kuiga namna ya kuimba hakuhesabiwi kisheria kuwa ni kunakili rekodi.

Kuhusu wimbo, Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1956 iliweka leseni ya lazima: wimbo ukishatolewa nchini humo katika santuri za kuuzwa rejareja kwa idhini ya mwenye haki, kampuni nyingine yoyote iliweza kuurekodi kwa kumpa taarifa na kulipa mrabaha wa asilimia 6.25 ya bei ya rejareja, naye hakuwa na uwezo wa kuikatalia. Wachapishaji wenyewe hawakuwa na sababu kubwa ya kukataa, kwani kila toleo jipya liliwaongezea pato, na watunzi Burt Bacharach na Hal David walinufaika na santuri zote mbili.

Aliyeumia ni mwimbaji wa kwanza. Mwaka 1964 toleo la Black lilishika nafasi ya 1 Uingereza, huku la Warwick, lililofika nafasi ya 8 Marekani, likiishia nafasi ya 42 Uingereza, na mauzo ya Black hayakumpa Warwick chochote. Alilalamika hadharani kwa miaka mingi, nami naona alikuwa na haki ya kulalamika, kwa maana ndiye aliyeonyesha jinsi wimbo ule mgumu, wenye mapigo yanayobadilika mara kwa mara, unavyoweza kuimbika, na kazi hiyo sheria haikuilinda.

Leseni ile ilifutwa na sheria ya mwaka 1988. Siku hizi anayetaka kurekodi upya wimbo Uingereza hupata leseni kwa kawaida kupitia MCPS, chama kinachotoa leseni za kurekodi kwa niaba ya watunzi na wachapishaji, bado bila kumwomba mwimbaji wa kwanza. Anayetaka kubadili maneno ndiye anayelazimika kupata kibali cha mchapishaji.