Mistari kwenye video za ukumbini
Ndugu, mistari inayopanda na kushuka katika video ya harusi uliyorekodi ukumbini hapo Kisumu haimaanishi kwamba kamera imeharibika. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi hufifia na kung'aa mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, na kamera iliyowekwa NTSC (mfumo wa video unaoendana na umeme wa hezi 60), fremu yaani picha 30 kwa sekunde, na shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde, haiwiani na mwendo huo. Chagua PAL, mfumo unaoendana na hezi 50, kwenye menyu, fremu 25, kisha shata 1/50. Baadhi ya taa za LED za bei nafuu huenda zikasumbua hata hivyo. Mchana kule Dunga, penye jua kali la ziwani, usipunguze mwanga kwa kuongeza kasi ya shata, kwani wachezaji wataonekana wakirukaruka; afadhali ufunge kichujio cha ND, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga, mbele ya lenzi.