Shangazi Nesi Anajibu: Serikali inamlewesha mdogo wangu?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu alikuwa anavuta unga. Sasa kila asubuhi anakwenda kliniki ya serikali kunywa methadoni, dawa ya kumtoa kwenye unga. Mume wangu anasema huko ni kumtoa kwenye ulevi mmoja na kumtia kwenye mwingine kwa kodi zetu, bora afungiwe mahali miezi mitatu. Nimechoka kumtetea. Ataacha lini?
– Dada Mtu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimesimama miaka mingi kwenye dirisha la methadoni. Namimina dawa kwenye kikombe, mtu anainywa mbele yangu, kisha namwambia, “Haya, sema neno.” Ananisalimia au ananitania, ndipo namruhusu aende. Nataka kujua amemeza, maana wapo wanaoificha mdomoni wakaiuze nje. Kwa hiyo mumeo hajakosea yote: methadoni ni ndugu wa heroini, yaani huo unga, na ikitumiwa ovyo inaua.

Tofauti iko kwenye saa. Heroini inampa mtu saa chache tu, kisha arosto inabisha hodi: jasho, kuharisha, mifupa kuuma, na hapo ndipo simu ya mama inapopotea. Methadoni hukaa mwilini siku nzima na zaidi. Dozi ikishatulia haimpi stimu, wala arosto haisikii. Anaamka akiwaza kibarua badala ya kete. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na Tanzania ikaanza kuitoa Muhimbili mwaka 2011.

Hilo la kumfungia ndilo linalonitisha. Mtu akikaa miezi bila unga, mwili unapoteza uzoefu wake, ila hamu inabaki palepale. Akitoka anarudia kipimo chake cha zamani, pumzi inakata. Wiki za mwanzo baada ya kutoka gerezani ni za hatari kupindukia. Wapo walioacha kufungia watumiaji: Ureno walibadilisha sheria mwaka 2001, na anayekutwa na dawa za kulevya za kutumia mwenyewe, zisizozidi za siku 10, hapelekwi mahakama ya jinai. Anaitwa mbele ya jopo lenye watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, na matibabu yakaongezwa. Muuzaji bado anafungwa, na mimi sina neno na hilo.

Kama mumeo anatafuta pa kuilaumu serikali, nitamwonyesha: foleni. Unamwambia kijana atafute kazi, halafu unamtaka dirishani kila asubuhi, saa zilezile za kazi! Marekani, korona ilipoingia mwaka 2020, waliruhusu wagonjwa waliotulia wapewe dozi za hadi siku 28 wakanywe nyumbani. Wa kuaminika wapo kila mahali, jamani.

Ataacha lini? Kabla ya mwaka mmoja ni mapema mno. Wengine huhitaji miaka, wapo wanaoinywa maisha yote, na anayeacha hupunguziwa kidogo kidogo na daktari. Akikosa siku kadhaa mfululizo, asidai dozi yake ileile. Aseme ukweli apimwe upya. Pombe na vidonge vya usingizi asichanganye kabisa. Na kama anagusa pia kokeini au bangi, hizo methadoni haizitibu, zinahitaji ushauri wake.

Siku ukimsindikiza, muulize muuguzi kama wanatoa naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha, na mumeo naye afundishwe kuitumia.