Kwa nini mashabiki wa tenisi tunachukiana kuliko Simba na Yanga

Mleta uzi kauliza: wachezaji wenyewe mechi ikimalizika wanakumbatiana pale wavuni, sasa sisi huku tunatukaniana wazazi kwa lipi? Na mchangiaji wa pili kadakia kwamba hata Simba na Yanga hatufiki huku. Huyo wa pili kasema kweli, na kwa nionavyo mimi jawabu limo humo humo.

Simba na Yanga mtu anazaliwa nazo. Baba Yanga, mjomba Simba, na sinia ya pilau ni moja, kwa hiyo utani una mpaka wake. Tenisi huku kwetu hakuna aliyerithishwa. Kila mtu kajichagulia mwenyewe mbele ya televisheni. Ukimwambia Federer wake alikuwa mwoga mbele ya Nadal, hujamtukana Federer, umemwambia yeye hajui kuchagua. Wala hana kipa wa kumtupia lawama, hana beki wa kumsingizia. Mtu mmoja na raketi yake.

Mimi kazi yangu ni hotelini Kiwengwa, Zanzibar, na mjini nina barza yangu karibu na Jaws Corner. Mwaka 2008 vita pale barzani ilikuwa Federer na Nadal. Ile fainali ya Wimbledon, mashindano makubwa ya Uingereza, saa 4 na dakika 48, Nadal kashinda seti ya tano 9-7 giza linaingia, ilitufanyia watu wawili wasisalimiane mpaka Ramadhani ilipoingia. Akaja Djokovic wa Serbia. 2011 kachukua mataji makubwa matatu kati ya manne ya mwaka, na wale wawili ghafla wakawa kitu kimoja, wanakaa bega kwa bega wanamsema Mserbia! Kwa hiyo msidhani chuki inamwendea mpinzani wa siku zote. Inamwendea zaidi aliyeingia wa tatu, akakuta nyoyo za watu zimeshagawanywa.

Barza nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa Djokovic, dereva wa gari ya shamba. Fainali ya Wimbledon 2019 Federer alikuwa mbele 8-7 seti ya tano, anaanzisha yeye, ana pointi mbili za ubingwa. Kazikosa zote mbili, Djokovic akaja kushinda seti hiyo 13-12. Uwanja mzima ulikuwa wake Federer, na Djokovic alisema baadaye kwamba watu wakiimba Roger, jina la Federer, yeye anasikia Novak, jina lake. Ilipomalizika dereva wetu akaweka kikombe chini, akaenda zake bila neno. Asubuhi kaja na sahani ya kashata, anampa kila mtu mkononi: "Kula sheikh, ya 13-12 hiyo." Huo ndio ushabiki ninaoutaka mimi. Unauma, lakini kashata unakula.

Kiwengwa mambo mengine. Wageni wetu wengi Wataliano, wafanyakazi nusu yao wanaongea Kitaliano kuliko Kiingereza, basi Sinner kwao ni mtoto wa nyumbani. Fainali ya Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, 2025 iliangukia siku za Iddi ya Mfunguo Tatu. Mechi ilianza alasiri, watu wakasali magharibi, wakasali isha, mpira bado. Seti ya nne Sinner alikuwa mbele 5-3, ana pointi tatu za ubingwa, mpishi mmoja keshavua aproni anairusha juu. Mpinzani wake Alcaraz, Mhispania, akaziokoa zote, akaja kushinda kwa saa 5 na dakika 29.

Pale kantini watu walicheka tu. Matusi yalianza dakika chache baadaye kwenye kundi la WhatsApp, na yaliandikwa na watu wale wale waliokuwa wamekaa benchi moja. Aliyepita mipaka kuliko wote si mshabiki wa Sinner kabisa. Mkeka wake wa kubeti ulikuwa umechanika. Hili mleta uzi liangalie vizuri. WTA, chama cha tenisi ya wanawake, na ITF, shirikisho la tenisi duniani, walitoa ripoti 2025: asilimia 40 ya matusi waliyoporomoshewa wachezaji mitandaoni mwaka 2024 yalitoka kwa wacheza kamari waliokasirika. Wengi tunaowaita mashabiki wana hasira ya pesa zao.

Ila shabiki wa kweli naye msimtakase. Hamburg, tarehe 30 Aprili 1993, Monica Seles, miaka 19, namba moja duniani, kakaa kitini baina ya gemu anapumzika, mtu kampiga kisu mgongoni. Alikuwa mshabiki wa Steffi Graf, anataka Graf arudi juu. Na alilolitaka likawa: Graf akarudi namba moja, Seles akakaa nje zaidi ya miaka miwili. Mshambuliaji kapewa kifungo cha nje. Seles hakucheza tena Ujerumani. Graf mwenyewe alikwenda kumwona hospitali, na yule mshambuliaji hakutumwa naye.

Kwenye kundi letu sasa mtu akitaja mzazi au mkeka anatolewa wiki nzima, awe nani. Meneja wangu mwenyewe keshatolewa.

Na kwa wale wanaosubiri niseme nani bora: mataji makubwa Djokovic 24, Nadal 22, Federer 20, na Djokovic kawazidi wote wawili ana kwa ana, Nadal 31-29 na Federer 27-23. Nimeyaandika kwa uchungu, maana mimi wa Nadal. Lakini Roland Garros kabeba 14. Mwenye jawabu la hilo alete.