Maji ya batiki, pumba zinasaidia?

SWALI: Natengeneza batiki na mamdogo hapa Mbagala, majirani wanalalamika maji ya rangi mtaroni. Eti pumba za mpunga zinanyonya rangi?

JIBU: Zinanyonya dada, ila inategemea rangi. Methilini bluu (rangi ya bluu ya maabara) ina chaji chanya, pumba zina hasi, zinanasana fasta. Rangi za batiki nyingi ni ngumu zaidi kunaswa, ila kama mnatumia zile zinazoyeyushwa kwa kostiki (soda kali) na haidro (unga wa haidrosalfaiti) mna bahati, koroga maji yaache wazi, hewa inaifanya rangi igande inatuama chini, ndo uchuje kwa pumba au mkaa wa vifuu vya nazi uliosagwa. Kostiki lakini haitoki kwa pumba, bado inaunguza! Na pumba zilizotumika usiwape kuku jamani.